Kutafakari Baada ya Safari ya Misheni kwa Watoto: Mwongozo wa Miezi Sita

Timu ya kanisa iliyokwenda siku chache kuwahudumia watoto ikisharudi nyumbani, mambo huenda mbio. Kuna nguo za kufua, kazi iliyolundikana, na Jumapili ya kusimama mbele ya kanisa kushuhudia kwa dakika tano. Baada ya hapo picha hubaki kwenye simu, na safari nzima hupungua ikawa sentensi mbili tatu ambazo mtu huzirudia kila akiulizwa. Kutafakari ni kazi nyingine. Ni kurudi kwenye ulichokiona na ulichokitenda, kukipima mbele za Mungu na mbele ya watoto wale, kisha kuamua jambo.

Katika Marko 6:30-31 mitume wanarudi kutoka safari yao, wanamweleza Yesu yote waliyotenda na kufundisha, naye anawaita waende faraghani wapumzike kidogo. Walieleza kwanza, kwa aliyewatuma, kabla ya kuingia tena kwenye umati. Mpangilio huo tunaufuata hapa kwa vituo vinne: jioni ya mwisho mkiwa bado huko, siku saba za kwanza nyumbani, wiki ya sita, na mwezi wa sita. Swali linaloshika vituo vyote ni moja: mtoto yule amebaki na nini? Swali la "mimi nimebadilikaje?" lina nafasi yake, ila likitangulizwa humeza mengine yote.

Jioni ya mwisho

Kikao cha kwanza kifanyike kabla ya kufunga mizigo, si uwanja wa ndege wala wiki mbili baadaye. Watu wakishafika kwao, kila mmoja hubeba kumbukumbu zake peke yake na kuanza kuzirekebisha. Tengeni muda wa saa mbili. Kikundi kisizidi watu 8. Timu ya watu 16 igawanywe makundi mawili. Kila mtu apewe dakika tano bila kukatizwa, na mmoja aandike.

Kiongozi wa timu aongee mwisho. Hili ndilo linaloharibika mara nyingi zaidi: kiongozi anafungua kwa kusema Bwana ametenda mambo makuu wiki hii, na kuanzia hapo hakuna anayethubutu kusema kwamba alichoka, alikasirika, au aliona jambo lisilo sawa kwenye kituo cha watoto.

Epukeni kuuliza "safari ilikuwaje?" kwa sababu jibu lake linajulikana. Ulizeni hivi: Ni wakati gani ulijiona huna la kufanya? Mtoto gani alikukwepa? Nani alifanya kazi ambayo bila yeye sisi tusingefanya yetu? Swali hili la tatu huwaleta mezani wapishi, wakalimani, walimu na dereva, watu ambao kwa kawaida hawamo kwenye picha hata moja.

Mtu akilia, msikimbilie kufunga kwa wimbo na maombi. Kaeni kimya naye. Machozi yanayofunikwa haraka hurudi wiki ya tatu, wakati hakuna mwenzake wa safari aliye karibu.

Orodha ya ahadi

Usiku uleule, kabla ya kulala, kila mmoja aandike ahadi zote alizotoa kwa watoto na kwa wazazi au walezi wao. Andika maneno yenyewe uliyotamka, uliyemwambia, na aliyesikia. Ahadi nyingi hutoka bila mtu kujua kwamba ameahidi: "tutaonana mwakani", "nitakutumia picha zako", "usijali, utasoma tu". Kwako ni maneno ya kuagana. Kwa mtoto ni tarehe.

Ndani ya siku saba zipange katika mafungu matatu: zinazotimizika, zinazotimizika kwa namna nyingine, na zisizowezekana. Zinazotimizika zitimize mapema, kupitia mwenyeji wenu, yaani kanisa au kituo kilichowapokea. Picha za kuchapishwa zitumwe kituoni au kanisani kwa bahasha moja ya watoto wote. Ukimtumia mtoto mmoja peke yake unaacha wivu, na unafungua njia ya siri kati ya mtu mzima na mtoto, jambo ambalo kanuni za ulinzi wa mtoto hulikataza hata pale nia ilipo njema. Ada ya shule nayo ipitie kwa wanaoijua familia, tena baada ya kuwauliza kama kweli kinachokwamisha masomo ni ada.

Zisizowezekana zinahitaji ujasiri. Mwandikie mlezi au mwenyeji, kwa ufupi: "Nilimwambia fulani kwamba nitarudi mwakani. Sina hakika hiyo, na nilikosea kusema vile. Naomba umweleze, na umwambie kwamba si kwa sababu ya jambo lolote alilofanya yeye." Maneno hayo ya mwisho yasikosekane. Mtoto asipopata maelezo hutafuta kosa ndani yake: labda hakuwa na adabu, labda mgeni amepata mtoto mwingine anayempenda zaidi. Mhubiri 5:5 inasema ni afadhali kutoweka nadhiri kuliko kuiweka usiiondoe. Kwa kuwa imeshawekwa, angalau isiachwe ikining'inia.

Daftari la safu tatu

Katika siku saba za kwanza andika kila siku kwa dakika 20, kwa kalamu, kwenye daftari ambalo hutamwonyesha mtu. Chora mistari miwili wima ili kurasa ziwe na safu tatu: *Nilichoona*, *Nilichodhani*, *Nisichojua*. Tumia herufi moja badala ya jina la mtoto.

Chukua sentensi inayotoka karibu katika kila ushuhuda wa safari za namna hii: "Hawana kitu, lakini wana furaha kuliko sisi." Ipeleke kwenye safu.

Nilichoona: watoto kama thelathini wakicheka na kukimbia, kati ya saa tatu asubuhi na saa sita mchana, siku nne, wakiwa na wageni waliokuja na mipira mipya na puto.

Nilichodhani: kwamba ndivyo wanavyokuwa kila siku, kwamba umaskini hauwaumi kama ungeniumiza mimi.

Nisichojua: jioni yao ilikuwaje. Nani alilala bila kula. Wangapi hawakuja kwa sababu walikuwa wanalea wadogo zao. Kwa nini yule msichana aliyesimama ukutani siku zote nne hakucheza.

Ukishaiona hivyo karatasini, unatambua kwamba mtoto anayecheka mchezoni anacheka kwa ajili ya mchezo. Kicheko chake ni cha kweli na ni cha kushukuru Mungu kwacho, lakini hakisemi lolote kuhusu dawa iliyokosekana. Sentensi ile humfariji mgeni: kama wana furaha, basi hakuna haja ya kuuliza kwa nini darasa lina mwalimu mmoja kwa watoto themanini. Na ile ya upande wa pili, "hawana tumaini lolote", ina kosa lilelile. Inamfuta mama aliyeamka alfajiri kumwogesha mwanawe na kumnyoosha shati ili aje kambini akiwa safi. Ulimwona mtoto msafi, aliyemsafisha hukumwona.

Sentensi nyingine ya kuchambuliwa kwa uangalifu ni "alinipenda tangu dakika ya kwanza, hakutaka kuniachia." Mtoto anayekua na walezi wasiobadilika kwa kawaida humwangalia mgeni kwa tahadhari, humrudia mama au bibi, kisha husogea taratibu. Anayemkimbilia mgeni yeyote na kumng'ang'ania mara moja, hasa kwenye makao ya watoto, huenda anaonyesha kwamba walezi wake wamebadilika mara nyingi mno. John Bowlby, daktari wa akili wa Uingereza, aliandika kuhusu madhara ya mtoto kutengana na mlezi wake tangu miaka ya 1940, na waliofuata nyayo zake wameliona jambo hili kwenye makao ya watoto mara nyingi. Kumbatio lile ulilolihesabu kuwa tunda la safari linaweza kuwa ni jeraha, na kuondoka kwako siku ya saba kukawa ni kuachwa kwingine juu ya kule kwa timu iliyotangulia.

Kama safari yenu ilikuwa kwenye makao ya watoto yatima, ongeza ukurasa mzima wa *Nisichojua*. Watoto wengi wanaoishi kwenye makao duniani wana mzazi angalau mmoja aliye hai; kilichowafikisha pale mara nyingi ni umaskini, ulemavu, au ahadi ya shule. Azimio la Mkutano Mkuu wa Umoja wa Mataifa la Desemba 2019 kuhusu haki za mtoto lilitaja madhara ya utalii wa kujitolea (wageni kusafiri kwa muda mfupi ili kujitolea) kwenye makao ya watoto na kuzitaka nchi zichukue hatua. Andika basi: Je, niliuliza ndugu za watoto hawa wako wapi? Kituo kina mpango gani wa kuwarudisha kwao? Wageni wakikoma kuja, je, watoto watapungua?

Jambo moja halingoji daftari. Ukiwa unaandika ukakumbuka kwamba mtoto alikuambia anapigwa, anaguswa vibaya, au anamwogopa mtu fulani, simama hapo. Andika maneno yake kama alivyoyasema, tarehe na mahali, bila kuongeza tafsiri yako, na siku hiyohiyo mpe taarifa mhusika wa ulinzi wa mtoto wa shirika lililowatuma pamoja na yule wa wenyeji. Kama anayetajwa ni mtu wa ngazi ya juu kwa wenyeji, anza na shirika lililowatuma. Usimhoji mtoto kwa simu, usilitaje kwenye kikundi cha maombi, usilifanye ushuhuda.

Mwili nao una habari

Huzuni na uchovu wa wiki ya kwanza si lazima viwe vya kiroho. Kama mlikwenda kwenye eneo lenye malaria, homa yoyote baada ya kurudi ipimwe siku hiyohiyo, na daktari aambiwe ulikokuwa. Malaria huanza kuonekana siku saba au zaidi baada ya kuumwa na mbu, na aina nyingine hujitokeza miezi kadhaa baadaye. Dawa ya kinga imalizwe: doksisaiklini na meflokwini huendelea kwa wiki nne baada ya kutoka eneo la hatari. Meflokwini inaweza kuleta ndoto za kutisha, wasiwasi na huzuni, kwa hiyo anayeitumia akijisikia hivyo amwone daktari kabla hajahitimisha kwamba Mungu amemwekea mzigo mzito.

Hasira kwa watu wa nyumbani ni ya kawaida: kuona chakula kinatupwa, kusikia mtu akilalamikia mtandao kukatika. Iandike, usiihubiri. Kwa wengi hupoa ndani ya wiki mbili hadi tatu. Ukipita wiki mbili hulali, huwezi kufanya kazi, au picha moja inakujia mchana na usiku, tafuta mshauri nasaha.

Maombi ya dakika ishirini

Daftari likishakuwa na kurasa chache, lipeleke kwenye maombi. Ule mtindo wa kuichunguza siku mbele za Mungu aliouacha Ignatius wa Loyola katika karne ya 16 unafaa sana hapa, na Wakristo wa madhehebu mengi wanautumia. Una hatua tano. Shukuru kwa jambo mahususi, si kwa "yote". Omba nuru ya kuona ukweli. Pitia siku moja ya safari tangu asubuhi hadi usiku, polepole; siku moja tu, nyingine ina zamu yake kesho. Tubia palipokuwa na kosa: uliposukuma mtoto aingie kwenye picha, ulipomkatiza mwalimu mbele ya wanafunzi wake. Mwisho omba neema kwa hatua inayofuata.

Soma pia Luka 10:17-20. Wale sabini wanarudi wakishangilia walichoweza kufanya, na Yesu anahamisha furaha yao kutoka kwenye uwezo huo kwenda kwenye majina yao yaliyoandikwa mbinguni. Ni andiko la kukaa nalo hasa kwa timu iliyorudi na hesabu ya watoto waliookoka. Hesabu hiyo ichukuliwe kwa unyenyekevu. Mgeni akiwauliza watoto mia nani anataka kumpokea Yesu, mikono mingi itanyanyuka kwa sababu wa kwanza amenyanyua, kwa sababu ya pipi, au kwa adabu ya kumkubalia mtu mzima. Wengine walinyanyua mwaka jana pia. Baada ya miezi miwili muulize mchungaji wa pale wangapi wanaonekana shule ya Jumapili. Hiyo ndiyo namba ya kuandika kwenye ripoti.

Kumsikia mwenyeji

Tafakari isiyo na sauti ya mwenyeji ni nusu. Shida ni kwamba ukimuuliza "mlituonaje?" atakujibu "mlitubariki sana", na hana jibu jingine kama bajeti ya kituo inategemea kanisa lenu. Badili swali ili iwe rahisi kusema ukweli. Mpe orodha ya mambo matano mliyoyafanya, umwombe achague mawili ya kuacha. Muulize: wiki tuliyokuwepo, kazi gani za kawaida zilisimama? Baada ya kuondoka, watoto walikuwaje siku tatu za kwanza? Kama fedha za safari zingekuja bila sisi, mngezifanyia nini? Swali lipitie kwa mtu asiyeshika fungu la fedha, na mwenyeji apewe wiki mbili au tatu za kujibu.

Majibu yakija, yasomwe kwa timu nzima bila kujitetea. Ivan Illich, aliyekuwa padri, aliwaambia mwaka 1968 vijana wa Marekani waliokuwa wakienda Mexico kujitolea kwamba nia njema haitoshi kuwapa haki ya kwenda kuwafanyia watu mema. Maneno yake yalikuwa makali kupita tunavyoweza kukubali yote, lakini swali lake bado linafaa kuwekwa mezani.

Ushuhuda na picha

Paulo na Barnaba waliporudi Antiokia walilikusanya kanisa wakaeleza mambo Mungu aliyotenda pamoja nao (Matendo 14:27). Kanisa lililochanga lina haki ya kusikia. Dakika tano zigawe hivi: moja ya kueleza wenyeji wanafanya nini mwaka mzima, mbili za jambo moja uliloliona kwa macho yako, moja ya jambo ulilokosea au usilolielewa, moja ya ombi la maombi lililotoka kwa wenyeji wenyewe. Kipimo cha maneno: ungeyasema vilevile kama mama wa mtoto huyo angekuwa ameketi safu ya mbele?

Picha zipitie zote mara moja. Futa za mtoto aliye uchi, anayelia, mgonjwa, au anayekula peke yake huku akitazamwa. Zinazobaki zisionyeshwe hadharani bila ridhaa ya mlezi na ya mtoto mwenyewe. Uso, jina kamili na mahali visikae pamoja kamwe. Na taarifa za eneo ambazo simu huzihifadhi ndani ya picha ziondolewe kabla ya kutuma. Kisha funga simu na uandike unachokumbuka kuhusu mtoto ambaye hukumpiga picha.

Wiki ya sita: uamuzi mmoja

Kabla ya hapo usiamue jambo kubwa. Mtu anayeacha kazi au kuanzisha mradi siku ya kumi anaongozwa na uchungu wa kuagana, na uchungu huo hupungua. Wiki ya sita timu ikutane tena kwa saa mbili, kila mtu na daftari lake, na kila mmoja aondoke na uamuzi mmoja wenye kiasi, tarehe na shahidi. "Nitawakumbuka watoto" si uamuzi. "Nitatoa kiasi hiki kila tarehe 5 kwa miezi 12 kuchangia mshahara wa mwalimu wa pale" ni uamuzi. "Kila Jumamosi ya pili nitawasaidia watoto wa mtaa wangu kusoma" ni uamuzi pia, na mara nyingi ndio mgumu zaidi, kwa kuwa watoto maskini wa karibu na kanisa lako hawana ugeni wa kukuvutia.

Andika pia jambo moja utakaloacha kufanya.

Mwezi wa sita: kupima kwa karatasi

Hapa usiulize moyo, angalia rekodi. Mtafiti Kurt Ver Beek alizifuatilia timu zilizokwenda Honduras kujenga nyumba baada ya kimbunga Mitch cha mwaka 1998. Washiriki wengi walisema safari iliwabadilisha, hata katika kutoa, lakini rekodi za michango hazikuonyesha badiliko kubwa. Hawakuwa waongo. Waliikumbuka nia yao wakaihesabu kuwa ni tendo.

Kwa hiyo leta taarifa ya benki au ya pesa ya simu, kalenda, na orodha ya ahadi. Shahidi wako azisome pamoja nawe, mstari kwa mstari. Ahadi isiyotimizwa ipewe tarehe mpya au ifutwe kwa barua kwa mwenyeji, kama zile za mwanzo. Uamuzi ulioshindikana uulizwe sababu: ulikuwa mkubwa mno, au haukuwa na siku maalumu, au shahidi hakuwahi kuuliza? Upunguze kwa nusu, uendelee.

Ikiwa timu inapanga kurudi, majibu ya mwenyeji ndiyo yasomwe kwanza kwenye kikao cha maandalizi, kabla ya kutaja tarehe wala nauli. Na ikiwa jibu lake ni kwamba mwaka huu msije, au mje watu wawili badala ya kumi na sita, lichukuliwe hivyo.

Kisha pitia daftari mara ya mwisho. Nakili mistari ya safu ya tatu ambayo bado haina majibu, uifanye maombi yako ya mwaka unaofuata. Kurasa zinazoeleza maisha ya watoto, magonjwa yao, mambo ya nyumbani kwao, zichanwe na kuchomwa moto. Habari hizo ni zao.